Paka ni wa Nyumba, au ni wa Mtu?

NIMELELEWA nikisikia ya kwamba mbwa ni wa mtu, na paka ni wa nyumba. Yaani mtu akihama, mbwa atamfuata hata kama hajui aendako, lakini paka atabaki palepale barazani akimngojea mpangaji ajaye. Maneno hayo niliyaamini kama ninavyoamini kuwa jua hutoka mashariki, mpaka mwezi wa Julai mwaka 2019 nilipokwenda kumhamisha mamangu kutoka Mji wa Kale, Mombasa, nimlete kwangu Nairobi.

Mamangu alikuwa ameishi katika nyumba ile ya Kibokoni kwa miaka 41. Aliingia humo bi arusi, akazaa humo, na humo ndimo marehemu babangu alimotolewa kwenda makaburini mwaka mmoja kabla. Nyumba haikuwa yetu. Mwenyewe aliiuza, na aliyeinunua akaitaka tupu. Dada yangu yuko Maskati na mumewe, nami riziki yangu iko Nairobi. Mama ana ugonjwa wa sukari, na hapakuwa na mtu wa kumtazama. Basi shauri likawa moja tu.

Nilipomweleza, alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikata neno. Kisha akauliza: "Na Nahodha je?"

Nahodha ni paka. Ni dume wa kijivu mwenye milia, na sikio lake moja limechanika kwa vita vya usiku. Marehemu babangu alimwokota pale soko la samaki karibu na Bandari ya Kale, akamleta nyumbani ndani ya kofia yake, kwa maana alikuwa mdogo wa kutosha kuingia kofiani. Mzee alipokuwa kijana alisafiri na majahazi, na jina hilo alimpa kwa mzaha, eti hakuna mwingine nyumbani anayelala mchana kutwa na bado akaheshimiwa. Mzee alipofariki, paka yule alikaa siku tatu juu ya mswala wake, haondoki ila kunywa maji.

Nikamwambia mama kwamba paka hahamishwi, na majirani watamtazama. Alinijibu kwa upole, na upole wa mama ndio unaouma kuliko ukali wake: "Babako aliniachia watoto wawili, nao wote wako mbali. Huyu ndiye aliyebaki. Sasa nami nimwache?"

Sikuwa na jibu.

PAKA NA WATU WA PWANI

Pengine msomaji wa bara atashangaa kuona mtu mzima akifunga safari kwa ajili ya paka. Lakini mji wa pwani bila ya paka si mji. Ukipita Kibokoni, Kuze au Ndia Kuu alasiri, utawakuta wamelala juu ya baraza, chini ya mikokoteni, na mbele ya milango ya misikiti. Hapana anayewaita wake, na hapana anayewafukuza. Wahenga walikwisha kata shauri hilo waliposema: paka wa nyumba haingwa. Maana yake, aliye wa nyumbani hafukuzwi, hata akila asichopewa.

Heshima hiyo ina asili yake. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakarudi na kusi, yalileta tende, mazulia na vyombo, na pamoja nayo yakaleta panya. Baharia aliyekuwa na shehena ya nafaka alimhitaji paka kama alivyohitaji tanga. Babangu akisimulia kwamba chomboni paka hakuhesabiwa mzigo, bali alihesabiwa katika mabaharia.

Tena dini nayo imemweka paka mahali pake. Yule sahaba wa Mtume, Abu Huraira, ambaye ni mmoja wa waliopokea hadithi nyingi kuliko wengine, jina lake hilo la utani lina maana ya baba wa kipaka. Tulifundishwa chuoni ya kwamba maji aliyoyaonja paka hayanajisiki kwa kuyaonja kwake, kwa sababu yeye ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani mwetu. Vilevile tulifundishwa habari ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie, na jinsi alivyoadhibiwa kwa hilo. Mamangu hadithi hiyo anaijua vizuri, na katika siku zile za kufunga mizigo alinikumbusha zaidi ya mara moja.

Wataalamu nao wamegundua kwamba kumhamisha paka si jambo la leo. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, na aliingia katika maisha ya binadamu yapata miaka 10,000 iliyopita, watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani. Katika mwaka 2004 wachimbuzi walitangaza kuwa wamepata katika kisiwa cha Saiprasi kaburi la miaka kama 9,500, na ndani yake mtu amezikwa na paka karibu naye. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili. Basi ni lazima kuna mtu aliyempakia paka chomboni, akavuka naye bahari kwenda kwenye makao mapya. Mamangu hakuwa wa kwanza.

GUNIA AU KAPU?

Habari ilipoenea mtaani, kila mtu alikuwa na ushauri. Mzee mmoja wa barazani alisema tumtie guniani, tumzungushe mara tatu, ili asijue njia ya kurudi. Mama alikataa palepale. Gunia, alisema, ni la kumtupia paka, si la kumhamishia. Na kweli, ni watu wangapi wanaotia paka guniani usiku wakavuka nao daraja la Nyali, wakawamwaga ng'ambo wasikojua mtu? Mnyama mwenyewe anajua tofauti ya kuchukuliwa na kutupwa, alisema mama.

Nikampeleka Nahodha kwa daktari wa wanyama. Kwanza alimchanja sindano ya kichaa cha mbwa. Watu wengi hudhani ugonjwa huo ni wa mbwa tu kwa sababu ya jina lake. Ni kweli kwamba karibu watu wote wanaokufa nao huwa wameumwa na mbwa, lakini paka pia huupata na huweza kumwambukiza mtu, na dalili zikishaonekana kwa binadamu huwa karibu hapana tiba. Kenya ilijiwekea lengo la kuumaliza ugonjwa huo unaotokana na mbwa ifikapo mwaka 2030, na hilo haliwezekani ikiwa wanyama watahamishwa huku na huko bila ya chanjo.

Kisha daktari akatupa masharti. Asile kwa saa chache kabla ya safari, ila maji apewe. Achukuliwe katika kapu au sanduku lenye matundu na kifuniko madhubuti. Ndani kitiwe kitambaa cha nyumbani kisichofuliwa. Na tukifika, afungiwe katika chumba kimoja kwa muda wa majuma mawili au matatu, asitoke hata akilia.

Nikauliza kwa nini kitambaa kisifuliwe. Akanieleza ya kwamba paka huijua nyumba kwa pua kabla ya kuijua kwa macho. Anapojisugua shavu kwenye mlango, kwenye mguu wa kitanda na kwenye mguu wako, anaacha harufu yake, ambayo sisi hatuinusi. Harufu hiyo ndiyo inayomwambia kwamba hapa ni kwake. Nyumba mpya haina harufu hiyo, na kwa hiyo kwake ni kama nchi ya kigeni isiyo na hata mtu mmoja anayemjua. Ndipo nikafahamu ule usemi wetu ulikotoka. Paka harudi kwa sababu anapenda mawe na chokaa. Hurudi kuitafuta harufu yake.

Mama alipoyasikia hayo alicheka. Akatoa leso yake kuukuu, ile anayojifunika usiku, akaitandika ndani ya tenga la kuku alilolisafisha mwenyewe. Juu yake akaweka kipande cha mswala wa marehemu.

Kwenye ofisi ya basi karani alilitazama tenga, akasema mnyama haingii ndani hata akilipiwa nauli. Akatushauri tumtie chini, kwenye mizigo. Mama akamwuliza: "Humo chini mna hewa?" Kijana hakujibu. "Basi nitie mimi humo, na paka umpe kiti changu." Watu wakacheka, lakini mama hakuwa akifanya mzaha. Na sheria iko upande wake, kwani Sura ya 360 ya sheria za Kenya inakataza kumsafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa bila ya sababu. Tukarudi nyumbani, na binamu yangu akakubali kutuchukua kwa motokaa yake, mizigo ikatangulia kwa pikapu.

SAFARI

Asubuhi ya kuondoka mama alifagia nyumba nzima, akapiga deki, akafukiza udi kila chumba. Nikamwambia nyumba yenyewe inabomolewa ndani. Akasema nyumba huachwa safi, atakayoifanya mwenyewe ni juu yake. Kisha akakaa kidogo barazani, akaitazama njia, akainuka. Hakulia. Aliyelia ni Nahodha, tangu Kibokoni mpaka Mariakani.

Kufika Voi alikuwa amenyamaza. Mtito Andei jua lilikuwa kali, na binamu yangu alitaka tushuke sote kunywa chai tumwache paka ndani. Mama akakataa kushuka. Alifanya vyema, maana motokaa iliyofungwa juani hugeuka tanuri kwa muda mfupi tu, na wanyama wengi wamekufa hivyo. Makindu tulipumzika kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambako msafiri yeyote hupewa chakula bila ya kulipa. Mama alikula chapati na dengu chini ya mti, tenga miguuni pake, akasema: "Kumbe njiani nako mna watu."

Tulifika Nairobi jioni. Mwenye kutoka usawa wa bahari na kupanda zaidi ya mita 1,600 katika siku moja, tena mwezi wa Julai, hahitaji kuelezwa baridi ni kitu gani. Mama alijifunga leso mbili na sweta langu. Nahodha alijificha chini ya kitanda, akabaki macho mawili yanayong'aa.

KOSA LANGU

Siku tatu tulifuata masharti. Paka alikula kidogo usiku, na mchana hakuonekana. Siku ya nne mama alikuwa amelala, na chumba kilinuka. Nikafungua dirisha kidogo, nikasema nafsini mwangu kwamba tuko ghorofa ya kwanza, ataruka aende wapi? Nikaenda kupika chai. Niliporudi, chini ya kitanda hapakuwa na macho.

Mama hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Aliketi kwenye dirisha lile, akaniambia tu: "Atakuwa anakwenda Mombasa." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza habari ya jirani. Jioni hakula. Asubuhi hakula. Nikadhani ni huzuni, itapita. Nilichosahau ni kwamba hakula, lakini vidonge vyake vya sukari alikuwa akivimeza kama kawaida.

Usiku wa pili niliamshwa na sauti yake. Nilimkuta anatetemeka, jasho linamtoka kwa baridi ile, na maneno yake hayaeleweki. Ananiita kwa jina la marehemu babangu. Kwa bahati nilikuwa nimewahi kuelezwa dalili za sukari kushuka. Nikampa maji ya sukari kidogo kidogo, mpaka akanijua. Kulipokucha nikampeleka hospitali.

Siku hiyo ndipo nilipofahamu niliyokuwa nimeyafanya. Nilihesabu masanduku, magodoro na sufuria. Nilihesabu na vidonge. Lakini sikuhesabu kwamba mtu mzima naye ana harufu ya nyumba yake: sauti ya adhana anayoijua, muuza kahawa anayegonga vikombe, jirani anayemsalimu kwa jina la utoto. Vyote hivyo nilimng'oa navyo kwa siku moja, nikamfungia katika chumba kimoja cha Nairobi, na kiumbe pekee aliyekuja naye kutoka huko nikamfungulia dirisha.

MAMA ANAYEMTAFUTA NAHODHA

Siku ya tatu mama alikunywa uji, akavaa buibui lake, akashuka ngazi. Tangu kufika alikuwa hajatoka nje. Nikamsikia uani akiita kwa sauti: "Nahodha! Nahodha! Ndoo babangu, ndoo!"

Watoto wakamzunguka. Mmoja akamwuliza, "Nyanya, nahodha wa meli?" Wakacheka, naye akacheka. Akawaeleza habari zote, tangu kofia mpaka tenga. Kufikia magharibi hapakuwa na mtoto katika mtaa ule asiyemjua mama wa Mombasa na paka wake mwenye sikio lililochanika.

Askari wa lango letu ni Msamburu. Alimsikiliza mama kwa adabu, akasema: "Mama, kwetu mnyama ndiye anayehama, sisi tunamfuata. Mnyama aliye mgeni haendi mbali. Anajificha karibu, anangojea usiku." Nami baadaye nilisoma ya kwamba uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2018, wa paka zaidi ya elfu moja waliopotea, ulionyesha kuwa robo tatu ya waliopatikana walikuwa hawakwenda zaidi ya mita 500 kutoka pale walipopotelea. Askari yule hakusoma uchunguzi wowote, lakini jibu lake lilikuwa ni lilelile.

Jirani wa mlango wa tatu, mama mmoja mzaliwa wa Nyeri ambaye kwa miaka miwili mimi nilikuwa nikimpungia mkono tu, alikuja na tochi. Kila usiku baada ya saa nne wakawa wanazunguka wawili, mama na leso yake kuukuu mkononi, na yule jirani akimulika chini ya motokaa na nyuma ya mapipa. Mwenye duka wa pembeni, Msomali, akawa anamwekea mama vichwa vya samaki. Mimi nikifuata nyuma, nimebeba kiti, mama asije akachoka.

Usiku wa saba walimpata. Alikuwa nyuma ya matangi ya maji ya jengo la pili, hatua kama 60 kutoka dirisha letu. Alikuwa amekonda, mchafu, na hakukubali kumsogelea mtu yeyote. Mama alitandaza leso chini, akaketi kando yake juu ya saruji ile baridi, akaanza kuzungumza naye maneno ya kawaida tu, kwamba nyumba imeuzwa, kwamba mzee hayupo, kwamba huku kuna baridi lakini watu wake si wabaya. Yapata nusu saa ilipita. Kisha paka akatoka, akainusa leso, akasugua shavu lake kwenye goti la mama.

Yule jirani wa Nyeri alizima tochi, maana alikuwa akilia.

KWA WANAOHAMA

Sasa Nahodha ni mzee. Hushuka ngazi mwenyewe asubuhi, hupita kwa mwenye duka, na hurudi adhuhuri. Mama naye ametandika mkeka chini ya ngazi, na kila alasiri hapakosi wanawake watatu wanne. Baraza la Kibokoni limehamia Nairobi. Siku moja nilimwuliza kama bado anataka kurudi. Alisema angependa kwenda kuzuru kaburi la baba, lakini hawezi kukaa sana, kwa sababu paka atamtafuta.

Wewe unayekusudia kuhama na mnyama wako, yangu ni machache. Uliza mapema kama mwenye nyumba anakubali wanyama, usije ukaambiwa umtoe siku ya pili. Mchanje, na cheti chake ukiweke pamoja na karatasi zako. Mchukue katika kitu chenye hewa, usimtie guniani wala kwenye mizigo. Mtangulizie kitambaa chenye harufu ya kwao. Mfungie chumba kimoja mpaka azoee, na dirisha usilifungue hata kidogo, hata kama chumba kinanuka. Na akipotea, usimtafute mbali. Mtafute karibu, usiku, kwa sauti anayoijua.

Na kama unamhamisha mzazi, masharti ni hayohayo. Mwachie leso yake kuukuu. Mpe muda. Usimwambie kwamba vitu vyake ni takataka, kwa maana hujui ni kipi kati ya hivyo kinachomwonyesha njia ya kurudi kwake mwenyewe.

Ama ule usemi wa kwamba paka ni wa nyumba, sikuupinga hata leo. Nimejifunza tu kwamba nyumba yenyewe inaweza kubebwa ndani ya tenga la kuku, ikiwa aliyeifunga anajua cha kutia ndani.